Ua Jekundu la Mlangoni Petu

Watu wa kwetu husema maua ya haibiskasi hayafi. Kata kijiti, kichomeke ardhini, kisahau. Mvua ikinyesha mara mbili utakuta kimechipuka. Ni kweli, ikiwa huna mbuzi. Mama yangu alikuwa na mbuzi.

Miaka ya hamsini ilikuwa ndiyo inaanza. Baba alikuwa mtunza bustani wa mzungu mmoja kule Kitale, nasi tuliishi na mama karibu na soko la Chwele, upande wa Bungoma. Baba alikuja nyumbani Pasaka na Krismasi, kwa baiskeli, akifika magoti yanatetemeka na nyusi zimejaa vumbi. Pasaka moja, nikiwa na miaka kumi hivi, alifika amefunga kwenye keria kipande cha shina la mgomba. Tulidhani ni chakula cha ng'ombe. Alipokipasua, ndani mlikuwa na kijiti kimoja chenye urefu wa kalamu, amekichomeka kwenye ule unyevu wa mgomba kisikauke njiani.

"Hiyo ni ya nini?" mama akauliza.

"Ni maua. Nyekundu. Memsabu, yule mke wa mzungu, amenipa."

"Inakuliwa?"

"Haikuliwi, Mama Watoto. Inaangaliwa."

"Ati inaangaliwa! Si ungeleta hata mbegu ya kabichi, bana. Hawa watoto watashiba macho?"

Baba alicheka, kwa sababu alimzoea. Alichimba shimo kando ya mlango, akaweka samadi iliyooza vizuri, akakipanda kijiti kimeinama kidogo na kukifunika na jani la mgomba kwa ajili ya jua. Asubuhi aliyoondoka alikitazama tena, kisha akamwambia mama kwa sauti ya chini, si ya mzaha tena, "Miaka kumi na mbili nachanuza maua ya watu. Nataka moja ichanue kwangu."

Kuanzia siku ile maji yaliyooshewa mboga yalimwagwa pale. Alimwaga huku akinung'unika, na kijiti hakikujali manung'uniko. Kikatoa majani mawili, manne, sita.

Halafu ikaja siku ya soko. Mama alikuwa na haraka ya kupeleka ndizi zake Chwele, akamfunga mbuzi kwenye nguzo ya ghala bila kupima. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na kamba ile ilifika mlangoni. Tuliporudi hapakuwa na kijiti wala mzizi. Palikuwa na shimo, na mbuzi anatafuna.

Nilitegemea mama aseme, "Si nilisema?" Badala yake alikaa chini pale pale udongoni, kikapu bado kichwani, akalia. Sikuwahi kumwona mama akilia, hata kwenye matanga alikuwa mtu wa kupika.

"Atasema nilifanya makusudi," akasema. "Vile nilimcheka, atasema ni makusudi."

Kesho yake tulikwenda, mimi na yeye, ng'ambo ya mto, kwa mke wa mwalimu wa kanisa, ambaye ua wa boma lake wote ulikuwa wa haibiskasi. Mama alichagua tawi kama anayechagua kuku wa kununua. Aliuliza mara tatu kama ni nyekundu kweli, na maua yalikuwa yamemjaa usoni. Tulilibeba ndani ya shina la mgomba, vile vile kama baba, na kulipanda katika shimo lile lile, limeinama kidogo.

"Wewe umeona nini?" akaniuliza, mikono ina matope.

"Sijaona kitu, Mayi."

"Basi ukumbuke hivyo."

Nilikumbuka. Yule mbuzi hakuaminika. Krismasi alichinjwa, na baba alimla shahidi wa pili akisifu mafuta yake.

Siku ya pili ya sikukuu ua la kwanza likafunguka. Baba alichuchumaa mbele yake muda mrefu. Aligusa jani, akaligeuza, akaangalia chini yake. Mama alisimama mlangoni ameshika kichujio cha chai kilichokuwa kinatona miguuni pake, naye hajui. Nilitamani kukimbia.

"Imekuja vizuri," baba akasema. "Umeitunza."

Alileta kigoda akakaa hapo kutwa nzima, kwa sababu haibiskasi hufunguka asubuhi na jioni imejikunja.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya mama ilizunguka boma zima. Alikata vijiti akapanda kila upande, akafukuza kuku wa majirani kwa mawe, na aliyepita njiani alisimamishwa aambiwe, "Hii imetoka Kitale, kwa memsabu." Yeye wa kabichi!

Miaka saba ikapita. Magoti ya baba yakakataa kazi, nikatumwa Kitale nikamsaidie kufunga mizigo. Ndipo nilipoliona lile ua lenyewe, chini ya dirisha la memsabu. Letu lina petali tano na ulimi mrefu. Lile lilikuwa petali juu ya petali, limejifunga kama kabichi. Wekundu ulikuwa mmoja, lakini hata kipofu angepapasa akajua ni mawili.

Memsabu akatoka na mkasi. Akamuuliza baba kama angependa tawi lingine la kwenda nalo, la kumkumbuka.

"Ahsante, memsabu," baba akasema. "Tuko nayo nyumbani."

Tulipofika barabarani nikamwambia, "Papa, ile ya nyumbani..."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi ile. Mimi ni mtu wa bustani, nisijue jani?" Alisukuma baiskeli hatua kadhaa. "Hii ya memsabu nilipewa tu, alikuwa nayo nyingi. Ile ya nyumbani, mama yako hakuwa anapenda maua, na akaenda kuitafuta. Usimwambie."

Mama alitupokea kwenye ua wake wa maua, na hata hakusubiri nitue mzigo. Macho yake yalikuwa kwangu.

"Mmeiona ile ya memsabu? Inafanana na yetu?"

Nilifungua mdomo, na baba akanitangulia.

"Yetu ni nzuri kuishinda," akasema, akaegemeza baiskeli.

Katika watu watatu tuliosimama pale, ni baba peke yake ambaye hakuwa na uongo wowote.