Nafasi ya Bibi Kwenye Foleni

Chaja ya droni yangu haina waya wa kwenda ukutani. Inataka ilishwe na kifaa kingine, pawa saplai, nacho ukitafute mwenyewe. Mimi nilikuwa nailisha kwa adapta ya kompyuta mpakato, kwa sababu ilikuwepo na bei yake ilikuwa bure. Bei hiyo huwa siibishii.

Droni yenyewe niliiunga kwa mikono yangu hapa Korogwe, mchezo tu, mpaka wafugaji wa Handeni walipoanza kuniita niwatafutie ng'ombe waliopotea. Ng'ombe hana haraka. Unachaji taratibu, unakwenda kesho.

Jirani yangu alikuja saa nne na nusu asubuhi, kanga imevaliwa kinyume. Mama yake anakaa Ngombezi, bibi ambaye siku hizi kumbukumbu zinamkimbia. Alikuwa ametoka alfajiri bila maji, na nyayo zake zilionekana zikiingia kwenye mkonge wa zamani, ule ulioachwa ukaota pori. Watu walikuwa wanaita tangu kulipopambazuka. Haitiki.

Betri ninayo moja, na ilikuwa tupu. Nikaunganisha, nikaiwekea chaja ampea kumi ili iwahi. Kioo kikawaka, feni ikavuma, kikazima. Kikawaka. Kikazima.

"Kaka," jirani akasema huku anarudi nyuma, "hicho kitu kinahema."

Kweli kilikuwa kinahema, tena kwa tabu, kama mwenye pumu. Nikachukua kalamu. Adapta: volti kumi na tisa mara ampea tatu na kitu, wati sitini na ushee. Betri ya seli nne kwa ampea kumi: karibu wati mia na sabini, bado zinazopotea njiani. Nikahesabu mara ya pili nikiomba niwe nimekosea. Sikukosea. Nilikuwa nimemtuma mtu mmoja na ndoo moja akachote maji ya harusi.

"Nikishusha mpaka ampea tatu itajaa, dada. Ila ni kama masaa mawili."

"Masaa mawili, na jua hili?"

Fundi mmoja wa kamera za ulinzi, karibu na stendi, alikuwa na pawa saplai ya volti kumi na mbili, ampea ishirini. Naijua vizuri. Wiki tatu tulikuwa tunabishania bei yake. Napita, naipima uzito mkononi, maana ya bandia huwa nyepesi kama andazi, naguna, nairudisha. Kumi na mbili mara ishirini, mia mbili na arobaini. Inatosha na inabaki.

"Leo umekuja na bei gani ya kunichekesha?" fundi akauliza.

"Yako."

Akaweka bisibisi mezani. "Nani kafa?"

"Bado," jirani akajibu.

Tukachajia palepale kwake. Feni ikavuma, kioo kikawaka, kikatulia. Nusu saa, betri ikajaa. Kisha tukapanda bodaboda kwenda Ngombezi.

Niliirusha saa sita kasoro, kivuli kimejificha chini ya miguu, hata ndege wamenyamaza. Kutoka juu ile mistari ya mkonge bado inaonekana chini ya pori, kama mbavu ndani ya shati. Dakika ya saba nikamwona. Amesimama wima kwenye uwazi, bakuli la bati mkononi. Hatafuti njia. Anasimama, anasogea hatua moja, anasimama tena.

"Anafanya nini?" nikauliza.

Jirani alikikodolea macho kioo cha rimoti. "Hapo palikuwa kambi ya manamba, wale vibarua wa mkonge. Ndipo mama na wenzake walipokuwa wakigawiwa posho." Akagusa kioo kwa kidole. "Amepanga foleni."

Nikahesabu watu kwenye kioo: mmoja. Nikahesabu tena: mmoja.

Tulipomfikia midomo ilikuwa imepasuka. Nikampa shikamoo.

"Marahaba. Msipite mbele, wenzenu wamepanga."

"Mama, kunywa maji," binti yake akamsihi, akimsogezea chupa.

"Zamu yangu bado." Akaisukuma. Akaisukuma tena, na macho yalikuwa yameanza kumzunguka.

Sikujua la kufanya, nikafanya ninaloweza. Niliugeukia ule uwazi mbele yake, nikavua kofia. "Wazee wangu, samahani. Bibi huyu ana kiu. Tunaomba atangulie."

Bibi akainamisha sikio, kama mtu anayesikiliza bei ikijadiliwa mbali. Kisha akachukua chupa, akanywa mpaka nusu.

"Wamekubali," akaniambia. "Ila wamesema nafasi yangu uishike wewe."

Nikakubali, sikuomba kupunguziwa hata senti. Mara ya pili siku ile.

Binti yake akamshika mkono, wakaondoka taratibu kuelekea barabarani. Mimi nikabaki pale na droni kwapani, nikiwasubiri wafike. Nikahesabu mbele yangu: hakuna mtu. Nikahesabu tena: hakuna. Halafu, sijui kwa nini, nikasogea hatua moja.