Maziwa Yaliyonukia Kuchemka

Upumbavu wangu ni huu: nilichemsha harufu badala ya maziwa.

Mjomba ana ng'ombe kule Gatumba, na kila Jumamosi alituletea maziwa ndani ya kidumu. Sheria ya mama ilikuwa moja: yachemke mpaka yapande. Kazi hiyo ilikuwa yangu, maana mama anauza vitenge sokoni Jabe, na dada yangu mkubwa, aliyekuwa amerudi nyumbani na mimba yake ya kwanza, alitapika akisogelea moshi. Sasa, maziwa yana tabia za msimamizi wa mtihani. Ukiyatazama yametulia, ukigeuza shingo yamekurukia. Na sufuria anasugua nani? Basi niliyapasha tu, nikadondosha kijiko kimoja cha maziwa juu ya makaa. Nyumba nzima ikanuka maziwa yaliyofurika.

Mama aliingia, akanusa. "We mutoto, umeyaacha tena yamwagike?"

"Pardon, mama."

Nilisemwa mpaka nikaridhika. Mtu aliyekwisha kukiri kosa moja, nani atamtafutia la pili? Jumamosi zilizofuata nilifanya vilevile.

Kisha homa ikaanza kunijia jioni na kuondoka asubuhi. Tukapima malaria, hakuna. Magoti yakaniuma hadi wenzangu darasani wakauliza kama wanitafutie fimbo ya uzee. Mwishowe, kwenye kliniki moja mjini, daktari mwanamke aliyelingana umri na dada yangu alisoma majibu ya damu akasema ni brusela, bakteria wa ng'ombe.

"Maziwa munachemsha?"

"Sana," mama akajibu. Mi nikatazama viatu vyangu.

Ili tuhame hapo, nikauliza kwa nini seli za ulinzi, zile zinazosifiwa kwenye somo la bio, hazikumla huyo mdudu.

"Zimemumeza," daktari akasema. "Ndiyo shida."

Akaeleza. Seli ikimeza bakteria, inamfungia kwenye kifuko. Protini za seli zinapaswa kukipeleka kifuko kikakutane na kingine chenye asidi, mdudu ayeyuke. Lakini brusela, akiwa humo ndani, anapenyeza protini zake nje. Zinazishika zile protini za seli zinazoongoza vifuko, na safari inageuzwa. Anapelekwa mahali seli inapotengenezea protini zake yenyewe, na huko anazaana kwa raha. Ndiyo maana ningemeza dawa za aina mbili kwa wiki nyingi, hata homa ikiisha.

"Na seli haishtuki?"

"Ishtuke nini? Wabebaji ni wake, njia ni zake."

"Huyo angevusha magendo mupakani mchana kweupe," nikasema. Daktari alicheka, mama pia. Nikajiona mtu.

Daktari akaendelea kuandika. "Nyumbani kuna mwenye mimba? Hii inaweza kuitoa."

Mama akaacha kucheka. "Kuna binti yangu. Lakini yetu yanachemka, dokta. Mi mwenyewe nasikia harufu kila Jumamosi."

Alisema kwa uhakika kabisa, na hapo ndipo magoti yaliniuma kwelikweli. Pua yake haikukosea. Ilifanya kazi yake vizuri, ila nilikuwa nimeiajiri mimi. Brusela hakuvunja mlango wa mtu. Aliwatumia wenyeji, nao wakatumika kwa moyo safi. Nilitafuta utani wa kupitishia ukweli huo, sikuupata. Na daktari alikuwa ameshageuza karatasi, akiamini ushahidi wa mama.

"Mama, hayakuchemka."

"Siku gani?"

"Tangu dada arudi."

Mama akatoa simu kwenye mkoba. Alimpigia dada simu, akamwambia aje, daktari anataka kupima nyumba yote. Dada alifika kutoka nyumbani Musaga akihema, mkono kiunoni, akanitania kwamba sasa tunatembea sawa, yeye kwa tumbo na mimi kwa magoti. Akatoa damu. Tulingoja kwenye benchi, yeye akiongea, mimi nikihesabu vigae. Niliwaza mtoto ambaye hata jina hana, na kijiko changu juu ya makaa.

Daktari alituita mimi na mama tu, dada akiwa amesinzia. Brusela hakuonekana kwenye damu yake. Angerudi kupimwa tena, na maziwa kwa sasa aache. Nilipumua, nikafungua mdomo niseme chochote. Mama akaniwahi.

"Dada yako anajua wanapima nyumba yote. Enda umuamushe, umwambie ni kwa sababu gani, hapo hapo kwenye benchi, kabla hatujapanda basi. Na usimuchekeshe."