Usukani Uliomsingizia Mama

Juzi nilipita Malvern, mtaa wetu wa zamani wa Scarborough huku ughaibuni, nikajikuta nimeingia kwenye maegesho ya nyuma ya lile ghorofa tulilokaa nilipokuwa mdogo. Ukutani sasa kuna kibao kinachokataza mtu kutengeneza gari pale. Nilicheka peke yangu. Kama ulikulia Scarborough miaka ya tisini utanielewa, rafiki yangu. Jumamosi maegesho yale yalikuwa gereji na baraza kwa pamoja: nyundo zinagonga, redio ya mtu inaimba, harufu ya maharage ya mawese inashuka kutoka madirishani.

Gari letu lilikuwa limeliwa na kutu milangoni, na baba alilipenda kupita kiasi. Bujumbura, kabla vita havijatutoa, alikuwa dereva wa malori. Hapa alifunga maboksi kiwandani. Nadhani akishika usukani ndipo alipojisikia mtu tena. Mama alikuwa akiwaogesha wazee katika nyumba ya kulelea, na alikuwa ameahidiwa kazi bora zaidi, ya kuwahudumia majumbani mwao. Sharti lilikuwa moja, awe na leseni. Basi baba akamfundisha mwenyewe.

Mara mbili mama alifanya mtihani barabarani, mara mbili akafeli. Mtahini alisema gari linayumba. Baba hakuelewa, maana yeye akiliendesha lilinyooka. Akatoa hukumu kwamba mikono ya mama ni mizito. Sisi watoto tukalidaka neno hilo, tukawa tunamtania kwa Kiingereza chetu kila alipomwaga chai. Naona aibu kuyaandika haya. Mama mwenyewe aliamini. Nilimwona jikoni akisonga ugali, mara anaacha mwiko, anaitazama mikono yake. Alikuwa amebakiza mtihani mmoja tu kabla kazi ile haijapewa mtu mwingine, na jengo zima lilijua.

Chini yetu aliishi mzee mmoja Muismailia, mzaliwa wa Mwanza, aliyewahi kuwa na duka la vipuri vya magari huko. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko chetu. Jumamosi moja baba alimpa lifti kwenda sokoni, nami nilikuwa kiti cha nyuma. Mzee hakutazama barabara, alitazama mikono ya baba. Ilikuwa haitulii, kushoto kidogo, kulia kidogo, ingawa gari lilikwenda sawa. Kwetu mgeni hamsahihishi mwenye nyumba mbele ya watoto wake. Tuliporudi alisema tu kwamba yeye aliuza vipuri lakini ufundi hakuujua, akamwomba baba amwonyeshe madereva wa malori walivyokuwa wakipima usukani. Baba akavimba kichwa, akatuita wote tuje tujifunze.

Alimketisha mama kwenye usukani auzungushe kidogo kidogo, kushoto na kulia. Nikachuchumaa kando ya tairi. Usukani ulikwenda upana wa vidole vinne kabla tairi halijatikisika. Baba akalala chini, akaingia uvunguni. Tukasikia kitu kinagonga kila mama akizungusha. Kisha baba akamwambia aache. Kile kiungo cha mwisho wa tairodi, fimbo inayoligeuza gurudumu, kilikuwa kimelegea kama jino la mtoto. Malori yake yote ya zamani yalikuwa hivyo. Mikono yake ilizoea kuurekebisha ulegevu ule bila yeye kujua.

Alitoka na uchafu usoni, akasimama dirishani kwa mama, mbele yetu sote.

"Mama watoto," alisema, "nimekusingizia. Mikono yako haina kosa."

Mama aliinamisha paji la uso kwenye usukani akalia. Mzee akatuita watoto tumsaidie kutafuta spana ambayo hakuwa ameipoteza.

Wiki iliyofuata baba alikibadilisha kiungo. Alipokuwa anakizungusha cha zamani kukitoa alihesabu mizunguko kwa sauti, ili kipya kiingie vilevile, halafu akalipeleka gari likapimwe mwelekeo wa magurudumu. Na unajua nini? Alipoliendesha, likayumba. Mikono yake ilikuwa inarekebisha kosa ambalo halipo tena. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Mwezi uliofuata alipata leseni yake.

Baba ametangulia mbele ya haki, na mzee wa chini yetu alihamia kwa binti yake, sikumwona tena. Siku hizi usukani ukilegea naliacha gari gereji, nanywa kahawa, narudishiwa funguo. Nami nina watoto sasa, na nimewasingizia mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Nakaa nao mezani, neno lile la baba la kukiri kosa liko mdomoni kabisa, lakini nawauliza tu kama wameshiba.