Pistoni Si Jembe

Jumamosi, katikati ya Novemba. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nane mchana. Hapa Buhembe ukungu bado upo.

Mwanangu Kokushubira, leo nimepita gerejini kwako Kashai, nikakuta umeshika pistoni, unaigonga kwa spana huku umetega sikio. Kugonga huko ulikuona kwangu, na siku kulikoniponza sijawahi kukusimulia yote. Naiandika, maana kwa mdomo huwa naishia njiani.

Mimi baba yako nilikuwa kijana, nina pikapu ambayo haikutoka kiwandani na turbo. Nikapata turbo iliyotumika, ile feni ya kuisukumia injini hewa iongeze nguvu, nikataka kuifunga, ila pistoni zilikuwa zimechoka. Muuza spea akanitolea seti mbili. Nikazigonga moja moja kama tunavyochagua jembe: linalolia vizuri ndilo zima. Zile za bei ndogo zililia kama kengele, nikazinunua. Muuzaji nisimsingizie, aliniambia wazi kwamba zimetoka kwenye injini isiyo na turbo.

Fundi aliyenifundisha kazi, Mzee Mutashobya, akazitazama.

"Za turbo hizi?"

"Zinalia vizuri, Mzee."

"Sijauliza kama zinaimba. Unazipeleka kwaya?"

Gereji nzima ikacheka. Nikaona aibu, nikazifunga siku ambayo hakuwepo.

Wiki ya tatu nilikuwa namrudisha mama yangu, bibi yako, kutoka Muleba. Mlimani injini ikapiga mlio mmoja, ikatoa moshi, ikazima. Nikakanyaga breki, ikashika kidogo, kisha pedali ikawa ngumu kama jiwe, maana injini ikizima breki hukosa msaada wake. Gari likaanza kurudi nyuma. Mama hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mwana wange, tunakufa?" Tulisimamishwa na migomba ya watu. Mkono wake wa kulia ulivunjika, haukunyooka tena. Wewe umekua ukidhani alizaliwa anatumia wa kushoto.

Mzee Mutashobya alipofungua injini, pistoni moja ilikuwa imepasuka kati ya ringi na ringi. "Hazikuwa mbovu," alisema. "Bila turbo ungezeeka nazo."

Basi, mwanangu, kama hela ya pistoni za kufuliwa, zile ngumu zilizogandamizwa kiwandani badala ya kumiminwa, haipo, tafuta zilizotoka kwenye injini iliyoundwa na turbo, zenye bonde kichwani. Zipime kwa maikromita, na silinda pia. Ringi ziachie nafasi kwenye ncha, maana joto huzirefusha. Turbo isisukume sana. Pengine kuna kipimo nimesahau, kwa hiyo muulize na fundi mwingine. Akikuuliza swali, jibu hilo hilo aliloliuliza.

Naongeza usiku huu: jioni umekuja na seti yako kwenye mfuko.

"Zimetoka kwenye injini gani?" nimekuuliza.

"Sijauliza, Tata."

Nimekupa daftari hili. Umesoma, ukautazama mkono wa bibi yako, kisha ukasema Jumatatu unazirudisha.

Mungu akupandishe kila mlima, akushushe ukiwa mzima, wewe na utakaowabeba.

Tumekula ndizi kwa maharage, na senene wa kukaanga. Bibi yako amewachukua kwa mkono wa kushoto.