Gliserini ya Maman Kwenye Mkono wa Kurushia

Mimi sioni haya kirahisi, na wanaonijua watakubali. Nimewahi kuanguka kwenye ngazi za metro mbele ya watu nikainuka na kupiga saluti, nimewahi kuimba vibaya harusini na bado nikaomba maikrofoni mara ya pili, lakini kuna aibu moja ambayo hadi leo mtu akitaja tu neno gliserini, hata kama yuko dukani anajinunulia yake, shingo yangu inapata moto. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba siku hiyo nilikuwa mzuri. Hapo nisikilizeni vizuri, maana watu wakiusimulia mkasa huu huwa wanaparuka: nilikuwa mzuri sana.

Kwanza niwaambie habari za mkono wangu. Mimi ni mtoto wa Bukavu, nimekulia Saint-Gilles huku Ubelgiji, ghorofa ya tatu ya nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba hadi choo chetu kikajikuta kwenye ngazi, na kule Bukavu kabla hatujaja kazi yangu ilikuwa kuangusha avoka za jirani kwa mawe, jiwe moja avoka moja, tena ile niliyoichagua mwenyewe. Sikujua kwamba kuna watu wanakiita hicho kipaji (jirani alikuwa na jina lingine kabisa). Basi siku moja rafiki yangu wa shule, Kenji, Mjapani wa kule Uccle ambaye baba yake aliletwa na kazi, akaniona nikitupa kopo tupu kutoka ng'ambo ya barabara likaingia moja kwa moja kwenye pipa la taka, akanikodolea macho, akasema Jumamosi usipange kitu, tunaenda mahali. Mahali penyewe palikuwa uwanja wa besiboli, umejificha nyuma ya miti, na watu wenye kofia wamesimama mbalimbali wakitazamana kimya.

Kwa wasioujua mchezo, ni hivi: mrushaji anasimama juu ya kichuguu cha udongo katikati ya uwanja, anamrushia mpira mdakaji aliyechuchumaa mbele yake, na karibu na mdakaji kuna mtu ameshika gongo anatamani kuupiga huo mpira ufike Ufaransa. Akikosa mara tatu anarudi kukaa. Mwamuzi anasimama nyuma ya mdakaji na barakoa ya chuma. Mengine ni maneno tu. Mimi nilikuwa mrushaji, Kenji mdakaji wangu, na nilianza timu ya watoto, nikapanda timu ya tatu, nikapanda timu ya pili (wawili kati yetu walikuwa na wajukuu), na nilipofika miaka kumi na tisa, Kenji ameshanitangulia timu ya kwanza, watu wa timu hiyo walishaanza kuja kusimama nyuma ya wavu wakijifanya wanasubiri basi.

Halafu mrushaji wao akaumia bega. Kocha Luc, mtu mrefu ambaye sijawahi kuyaona meno yake, akanifuata Ijumaa baada ya mazoezi, akaniambia Jumapili unaanza wewe timu ya kwanza, ukifanya vizuri msimu mzima ni wako, ukiharibu unarudi chini na mwakani tutaona. Nikamjibu aagize kabisa jezi yenye jina langu. Ndivyo nilivyo, msinilaumu.

Sasa, Maman. Maman alikuwa hajawahi kuniona nikicheza hata mara moja. Alikuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko huko Uccle, Jumapili zote yuko kazini, anatoka nyumbani mimi bado nakoroma, na mchezo wangu aliuita "ile muchezo yako ya kutupa mawe", kwa sauti ile ile anayoitumia akiongelea watu wanaokula chakula kilicholala bila kukipasha. Lakini nilipomwambia kuhusu timu ya kwanza akapiga simu kwa mwenzake wabadilishane zamu. Nilisikia akisema, "Mutoto yangu iko na match. Eeh, ya mukubwa!" Nusura nilie. Jumapili ikafika, akavaa kitenge cha kanisani na viatu vya kisigino, Tonton Déo, mdogo wake, akaleta gari, sahani ya beignets, maandazi yake yale, ikafunikwa, tukawa tayari kutoka.

Kwenye korido Maman akasimama.

"Na mikono ile?"

"Iko nini, Maman?"

"Imepauka. Leta."

Inabidi mwelewe kwamba tangu nizaliwe sijawahi kupita mbele ya Maman nikiwa mkavu nikaufikia mlango. Ana chupa yake, kubwa, gliserini anayoinunua sokoni pale stesheni ya Gare du Midi na kuichanganya mwenyewe na mafuta na mchaichai, na ukiwa mtoto wake utapakwa, uwe unakwenda shule, mazishi au kutupa takataka. Kwenye mechi zangu nilikuwa nacheza mkavu kwa sababu tu yeye alishatoka kwenda kazini. Na sheria niliijua! Kocha Luc alinisomea siku ya kwanza kabisa: mrushaji haruhusiwi kitu chochote cha kuteleza wala cha kunata mwilini, kwa sababu mpira ukipakwa kitu unapinda hewani mahali usipotarajiwa, na huo ni wizi. Ningesema tu, "Hapana Maman, ni marufuku," mkasa ungefia pale kwenye korido. Lakini alikuwa na furaha sana, anasugua huku anaimba, na kusema kweli yote, nilijitazama kwenye kioo nikauona mkono unang'aa, misuli imejichora, nikajiambia, bon, leo picha zitapigwa nyingi. Nitajifuta garini.

Mmeshawahi kujaribu kufuta gliserini? Nilijifuta na kitambaa cha Tonton Déo cha vioo vya gari, na ninachoweza kuwaambia ni kwamba kitambaa kilikuwa laini sana baada ya hapo.

Alors, nikapanda kichuguu. Maman na Tonton walikaa mstari wa mbele, na yeye peke yake alikuwa na kelele kuliko watazamaji wengine wote, ambao walikuwa Wabelgiji wametulia na kahawa zao. Nikarusha mpira wa kwanza, ukaenda vizuri, ulipomkaribia mpigaji ukazama ghafla kama umekumbuka jambo chini. Akapiga hewa. Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu, yule bwana alizunguka na gongo lake hadi kofia ikamtoka. Maman akapiga vigelegele, akainuka kucheza. Mpigaji wa pili naye nikamrudisha kukaa. Kenji akaja mbio hadi kwenye kichuguu, akaniuliza huo mpira nimejifunzia wapi, nami, masikini ya Mungu, nikamjibu, "Ni kipaji tu." Nilikuwa naamini! Nilifikiri mwili wangu umesubiri kocha wa timu ya kwanza aniangalie ndipo utoe siri zake. Alipokuja mpigaji wa tatu nilimnyooshea kidole, halafu nikaonyesha benchi lao, maana yake rudi ukakae mapema.

Jua lilikuwa limepanda, jasho likakutana na gliserini, vikashuka pamoja hadi vidoleni. Nikavuta mkono nyuma kwa madaha yangu yote nikarusha, na mpira ukanitoka kwa juu, ukapaa, ukapita juu ya mpigaji, juu ya Kenji aliyeruka bure, ukatua, paa, kwenye barakoa ya mwamuzi.

Hakuumia. Akauokota mpira, akautazama, akaugeuza kwenye jua, ukang'aa. Kocha wa wapinzani akasimama. Mwamuzi akatembea polepole hadi kwangu, akanishika kifundo cha mkono, akapitisha kidole kimoja kutoka kwenye kiwiko kuja chini, na kidole kikateremka chenyewe bila kusukumwa.

"Hii ni nini?"

"Jasho," nikamwambia, nimekaza uso.

Akakinusa kidole. Jasho langu lilikuwa linanukia mchaichai.

Besiboli ni mchezo wa kimya, kila mtu anasikia kila kitu, kwa hiyo uwanja mzima ulimsikia Maman akimuuliza Tonton Déo, "Eh! Ule muzungu anamunusa mutoto yangu juu ya nini?" Na kabla Tonton hajajibu alishavuka mstari, mkoba mkononi, visigino vinazama kwenye majani kila hatua na yeye anaving'oa bila kupunguza mwendo. Nilimpungia arudi. Alidhani namuita.

"Monsieur, bonjour. Shida iko wapi? Mutoto iko propre! Ameoga asubui, mi mwenyewe niko témoin, nilimuona."

Mwamuzi, kwa heshima zote, akamweleza kwa Kifaransa kwamba kuna kitu kwenye mkono wangu. Mngeiona furaha ya Maman! Uso wote ulifunguka.

"Ah! Ile? Si ni gliserini tu! Ni mi njo nilimupaka!" Akafungua mkoba akaitoa chupa, ile kubwa, akaiinua juu mabenchi yote mawili yaione, na kwa kuwa mwamuzi hajui Kiswahili akayarudia yote kwa Kifaransa safi.

"Unampaka kila mara?" mwamuzi akauliza.

"Kila siku! Tangu iko bébé! Unafikiri hana mama?"

Kila siku. Niliona kocha wa wapinzani akijipiga paja. Nilitaka kusema jambo lakini Maman alishahamia kwenye mambo mengine: alikuwa ameiona mikono ya mwamuzi, mikavu, imepasuka kwenye viungo vya vidole, na huo ndio ugonjwa wake, hawezi kuona akapita. "Ooh, papa, pole. Kwako hakuna mutu?" Akamimina. Akashika mikono miwili ya mwamuzi wa mechi, mbele ya timu zote, akaisugua mbele na nyuma na katikati ya vidole, na yule baba, Mungu ambariki, alisimama tu kama mtoto anayekwenda shule. Watu wakaanza kucheka. Kenji alikuwa amelala chini. Mwamuzi alipopata fahamu akatoa mpira mpya mfukoni ili mechi iendelee, ukamponyoka, akauokota, ukamponyoka tena, na hapo hata Kocha Luc aligeuka akatazama miti. Kisha mwamuzi akanyoosha mkono unaong'aa kuelekea nje. Nimetolewa.

Ningeweza kuyameza hayo yote, kicheko sikiogopi, nimewaambia. Lakini kutoka benchi la wapinzani mtu akapiga kelele, "Tricheur!" na wengine wakaitikia. Mdanganyifu. Maman akageuka.

"Tricheur ni nani?"

"Ni mimi, Maman. Mafuta yamekatazwa."

Akaitazama chupa. Akaitazama mikono yangu. Aliifunga chupa taratibu, akairudisha kwenye mkoba, tukatoka kwa miguu upande mrefu wa uwanja, yeye na visigino vyake, mimi na mikono yangu, Tonton Déo nyuma yetu na sahani ya beignets ambayo haikufunuliwa. Timu yangu ilifungwa vibaya.

Kwenye gari hakuna aliyewasha redio. Tulipokaribia nyumbani ndipo akasema, akitazama dirishani, "Kumbe ni mi njo nilikuaribia."

"Hapana, Maman. Mimi nilijua sheria. Nilipenda tu kung'aa."

"Kule kazini bazee ni mi nabapaka asubui. Ule mwenye ngozi yake imekauka, unajua hakuna mutu anakuyaka kumuangalia. Ata akuwe na nyumba kubwa. Sikupenda bakuone bile, mbele ya batu bote." Akajifuta macho kwa kitenge. Mimi niliona bora wangenipiga marungu pale uwanjani.

Nilifungiwa mechi moja. Nilikuwa nimeshaikubali timu ya pili, nimeshaanza hata kuwakumbuka wale mababu, Kocha Luc akanipigia simu. Alisema amezungumza na mwamuzi, na mwamuzi amekiri kwamba miaka yake yote hajawahi kukutana na mdanganyifu anayeletewa ushahidi na mama yake (tena mikono, alisema, inaendelea vizuri, na anauliza ile chupa inapatikana wapi). "Jumapili ijayo, wewe," akasema. "Mkavu." Akakata.

Jumapili hiyo nilijaribu kutoka kimya kimya, viatu mkononi. Maman alikuwa koridoni ananingoja, amevaa kitenge kile kile, mbele yake beseni la maji ya moto na kipande cha sabuni ya kufulia. Hakuimba. Alinisugua mikono yote miwili hadi mabegani, akanikausha na taulo, akanisugua tena, hadi ngozi ikapauka ikawa na mistari myeupe ukiikwaruza kwa kucha. Nilimwona inavyomuuma. Akaniangalia, akasema, "Enda bile, mukavu. Bakifikiri hauna mama, mi niko pale mbele, bataniona."

Walimwona. Walimsikia pia. Nilirusha mpira siku hiyo kwa mkono wa mtu aliyesahaulika na kila mtu, na mpira ulikwenda pale nilipoutuma, kama avoka za jirani, na jezi yenye jina langu ninayo hadi leo. Tangu siku hiyo sijapanda kichuguu na tone la mafuta, wala sijawahi tena kumnyooshea mpigaji kidole kabla hajakaa kweli. Mtu akitaka kukupamba siku ya kazi, mpende, lakini mwambie sheria mapema.

Mpigaji wa mwisho wa Jumapili hiyo aliporudi kukaa, Kenji akanirukia, wenzangu wote wakaja mbio, na nilipojinasua nikamwona Maman amesimama kwenye mstari wa uwanja. Safari hii hakuuvuka, hata kwa ncha ya kiatu. Chupa ilikuwa imeshafunguliwa.

"Imeisha?" akauliza.

"Imeisha, Maman."

"Basi leta mikono."

Nikampa yote miwili, mbele ya watu wote.