Kichwa Cheusi Siku ya Mahari ya Nadège

Nitawasimulia, lakini mkicheka chekeni polepole, maana hapa Kasulo, mtaa wetu wa Kolwezi, nyumba zimebanana na majirani wangu hawajamaliza kucheka mpaka leo. Mimi, Mama Nadège, mjane, fundi wa kushona, mtu mzima mwenye heshima zake kwenye kwaya ya parokia, nilitolewa mbele ya wakwe nikiwa nimefunikwa kitenge kama bibi-arusi, na kiliponyanyuliwa, hata mimi mwenyewe nisingejichagua.

Binti yangu Nadège, ndiye pekee niliye naye, alikuwa ameposwa na kijana wa Dilolo, na ile siku ya wakwe kuleta mahari ilikuwa inakaribia. Niko kwenye cherehani nashona sare za familia, yeye ananitajia watakaokuja, akafika kwenye jina la msemaji wao, mjomba wa kijana, anaitwa Tata Célestin, mjane pia, alikulia Kisenge. Mguu wangu ukasimama juu ya kanyagio. Huyo Célestin namjua. Tulipokuwa vijana kule Kisenge tuliimba kwaya moja, mimi safu ya mbele na yeye nyuma yangu, jumapili hata jumapili, na kwa kuwa kila mmoja alikuwa na haya zake, hatukuwahi kusemezana lolote la maana, kwa hiyo kitu alichokijua zaidi kwangu ni kisogo. (Msicheke. Nilikuwa na nywele nyeusi, nyingi, nazisuka zinashuka mpaka shingoni, na nilikuwa nahisi macho yake yametua pale.) Sasa kisogo hicho kimejaa mvi.

Basi nikaenda kwa jirani yangu Mama Kapinga, anayeuza vitu vya Angola vinavyopitia Dilolo, akanitolea pakiti ya kijani yenye picha ya jani, unga wa kutia nywele rangi. Nikamwambia ngozi yangu ni ya shida, sabuni ya manukato inaniwasha, hereni za bei rahisi zinanitoa vidonda, na kuna arusi moja ya Lubumbashi nilichorwa maua mkononi kwa hina nyeusi, kesho yake maua yote yakainuka malengelenge. Yeye akatabasamu tu.

"Hii njo majani tu, mama," akasema. "Majani haiumizake muntu."

Na mimi nilitaka sana kusikia hivyo. Nadège, ambaye anasomea uuguzi, aliniona na pakiti akanikanya: "Mama, ngozi yako unaijua. Tia kwanza kidogo nyuma ya sikio, ungoje siku mbili. Kama haiwashe, njo utie ku kichwa." Nikasema ndiyo, ndiyo. Lakini wageni walikuwa wanafika kesho yake, siku mbili ningezitoa wapi? Nadège alipotoka kwenda sokoni nikakoroga unga, nikaupaka kichwa kizima, nikakaa kwenye kiti uani, mgongo ukutani, kungoja.

Sasa hapo ndipo nilipopotea. Ilikuwa ile saa ya alasiri jua limelegea, vumbi limetulia hewani, na chini ya ardhi jirani yangu alikuwa anachimba kobalti kama kawaida ya hapa Kasulo, ko, ko, ko, polepole, mlio unausikia kwa miguu kuliko kwa masikio. Nikafumba macho nikajikuta Kisenge. Kanisa lile lile, vumbi jeusi la mgodi wa manganese kwenye dirisha, blauzi zetu nyeupe tulizozifua kila siku na kila siku zikawa kijivu, na nyuma yangu sauti yake nzito inapanda taratibu, nami nimesimama tu ndani ya sauti hiyo, sina mume aliyekufa, sina deni lolote la umri. Kisogo kikaanza kuniwasha. Ndani ya ndoto nikajiambia ni yeye ananitazama, nikazidi kutulia, nikafurahi kabisa, jamani, huku dawa inanila.

Niliposhtuka jua lilikuwa limekwisha kuvuka ukuta, muda ulioandikwa kwenye pakiti umepita zamani. Nikasuuza. Nywele zikatoka nyeusi tii, na kwenye kioo akasimama msichana wa safu ya mbele. Kichwa kiliwaka moto, nikakipuuza.

Asubuhi sikuweza kufungua macho. Uso ulikuwa umeumuka kama unga wa mikate uliosahauliwa ukiwa na chachu, masikio mazito, shingo ina malengelenge. Nadège hakunigombeza (ingekuwa afadhali), alinishika mkono tukaenda zahanati, nikachomwa sindano, nikapewa vidonge, nikaambiwa nikiona pumzi inakuwa ngumu nirudi mbio. Muuguzi akanieleza kwamba majani ya kweli ya hina huchelewa kushika, na peke yake hutoa wekundu. Unga unaoleta weusi wa namna ile kwa haraka mara nyingi umechanganywa na kemikali, labda ile ile ya hina ya arusi, na ngozi ikishaikataa mara moja haisahau. Akaongeza kwamba hata jani safi kabisa linaweza kumkataa mtu. Niliitikia kwa kichwa, kichwa chenyewe kinauma.

Mchana wakwe wakafika, wakakaa chini ya turubai. Mama mzazi siwezi kukosekana, lakini kwa uso ule nitatokaje? Nikajifunika kitenge cha sare gubigubi, nikajibanza kwenye chumba cha ndani, kumbe ndimo wasichana walimofichwa. Mnajua desturi yetu: kabla ya bibi-arusi wa kweli, wanatolewa wengine wamefunikwa, msemaji wa wakwe anafunua, anakataa, watu wanacheka, anatolewa mwingine. Wifi yangu Mado, ndiye msimamizi, akaingia mbio akanidaka mkono: "Simama, njo weye sasa." Nikasema siyo mimi. Lakini wasichana wote walikuwa wameagizwa wajifanye wanakataa, basi akanivuta kwa nguvu zaidi, na mimi sioni mbele wala nyuma, nasikia vigelegele tu, na nyasi chini ya miguu, halafu mkono unanyanyua kitenge.

Vigelegele vikakatika. Mtoto akaanza kulia. Kisha sauti ya mwanamke, shangazi wa kijana, kavu: "Mama wa bibi ya ndoa banamuloga siku ya mahari. Mutoto wetu tutamuacha mu hii nyumba namna gani?" Nikasikia viti vinasogea, watu wanasimama, mtu mmoja anasema afadhali warudi Dilolo, mambo yaangaliwe kwanza. Na ndani ya nyumba nikamsikia Nadège wangu analia. Mwanangu alikuwa anapoteza mume kwa sababu ya nywele zangu.

"Hakuna muntu aliniloga," nikasema kwa nguvu. "Ni mi mwenyewe niliweka dawa ku nywele, juu mvi ilijaa."

Shangazi hakuridhika, akataka kujua ni kwa ajili ya nani. "Mama muzima hivi, anajipaka dawa juu ya nani?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nilijua nikisitasita tu, wataondoka. Tena nilikuwa gizani, macho yamefungwa, na mtu akiwa gizani husema anayoyaambia mto wake.

"Juu ya huyu anashika kitenge."

Jamani. Kicheko kilichotoka pale, nadhani hata wachimbaji chini walikisikia. Shangazi mwenyewe alicheka mpaka akakaa, na akishakaa hakusimama tena, na viti vingine vikarudi. Célestin hakucheka. Alinishushia kitenge taratibu, akasema, kwa sauti ile ile, "Huyu hapana bibi ya ndoa yetu. Mumurudishe pole pole." Mahari ikapokelewa, Nadège akaolewa, nami nilikaa chumbani nikitamani sakafu ya Kasulo, iliyotobolewa na wachimbaji, ifanye kazi yake na kunimeza.

Jioni nilimuuliza Nadège huyo Tata Célestin amekuwaje siku hizi. Akanitazama kwa huruma. "Kichwa yake yote ni mweupe, mama. Hata nyusi."

Nywele zilinyolewa ili vidonda vipone. Zimeota upya, nyeupe, laini, na sizitii kitu, si cha dukani wala cha porini, na pakiti hata ikiwa na picha ya msitu mzima nitaipita. Célestin hupiga simu jumapili baada ya misa. Juzi amesema anakuja Kolwezi, safari hii bila wakwe, na kwamba angependa kuniona nikiwa nimefumbua macho.