Makomeo Sita

Seremala yule aliitwa na mtaa wote kwa jina la Msasa, kwa sababu ya sauti yake. Akikwaruza neno moja tu, hata mteja mkorofi hunywea. Lakini siku mwalimu wa michezo alipomletea binti yake karakanani, kamshika mkono, midomo imemkauka mtoto, sauti hiyo ilimpotea.

"Ameanguka tena mazoezini, mara ya tatu hii," mwalimu alisema. "Ijumaa ni mchujo wa mita mia nane. Simpangi mpaka nijue ana nini."

Binti alikuwa na miaka kumi na minne. Mwaka jana tu aliwatimulia vumbi wavulana wote wa mtaa. Msasa alishajiamulia, tena bila kumuuliza mtu, kwamba mtoto wa kike akishavunja ungo mbio zinamtoka zenyewe. Mkewe alipombishia, alimkatiza.

"Umekunywa maji leo?" mwalimu alimuuliza binti.

"Hapana."

"Bomba la shule si linatoka?" Msasa akadakia.

"Linatoka, baba. Ila nikinywa nitabanwa, na milango ya vyoo vyetu haifungi. Wavulana wanaisukuma halafu wanacheka. Wenzangu wameacha michezo. Mimi nimeacha maji."

Msasa aliona aibu, wala hakuificha. Alikuwa amesimama katikati ya milango kumi na moja, yote kaitengeneza kwa mikono yake.

Kesho yake hakufungua karakana. Alibeba bisibisi, bawaba na makomeo sita mpaka shuleni. Mwalimu mkuu alianza habari za barua na vikao. Msasa akamkatiza: "Wewe nioneshe vyoo tu." Kufika adhuhuri, kila komeo alikuwa amelijaribu mwenyewe akiwa ndani.

Ijumaa binti alimaliza wa pili, akaingia kwenye timu. Msasa alipiga kelele mpaka akakohoa, akarudi naye nyumbani kwa mbwembwe, akamimina maji bilauri tatu, ya binti, ya mkewe na yake.

Binti akanywa funda moja, akaweka bilauri chini.

"Maliza bwana! Hapa si shuleni."

"Shuleni sasa kuna komeo, baba. Hapa kuna pazia."

Msasa akageuka kutazama choo chao cha uani. Pazia lilikuwa linapepea, na wapangaji wawili wamekaa mkabala nalo wakicheza karata. Miaka tisa wameishi hapo. Akamtazama mkewe. Bilauri yake nayo ilikuwa bado imejaa.